Fundo Kati ya Majina Mawili

Tumaini, wewe uliyekaa sasa kwenye kiti changu, uliniomba nikuandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Kusahau sisahau, hilo unalijua. Niliishia darasa la nne kule Lipingo, ziwani, mwalimu wetu akiwa Mwalimu Benedikti Haule, na tulikuwa watoto ishirini na tisa. Naweza kukutajia wote kwa mpangilio wa madawati, ila si ndicho ulichouliza. Mwandiko wangu utausoma hivyo hivyo. Vyeo sitavisema kwa kuwa nilikuwa na kimoja tu, na mshahara mnaujua wenyewe, maana ndio huo huo mnaoulalamikia.

Nilipanda huku milimani nikiwa bibi harusi. Marehemu Alfonsi Ndunguru aliteremka ziwani kununua usipa, dagaa wa ziwani, akarudi na usipa na mimi. Nilikuwa sijawahi kuona ukungu unaingia ndani ya nyumba kama mgeni aliyealikwa. Wiki ya kwanza nililia kwa baridi, wiki ya pili Alfonsi akanitafutia kazi kwenye ghala la kahawa la chama cha ushirika, kufagia na kuchemsha chai, ili, alisema, nikae karibu na moto.

Karani wa ghala alikuwa Mzee Deograsias Mbele. Alisomea misheni Kigonsera, na miwani yake ilifungwa na uzi mweusi upande mmoja. Siku yangu ya kwanza alikuwa amekwama. Mbele yake alisimama mtu anaitwa Yohana Ndunguru, na kwenye daftari walikuwepo akina Yohana Ndunguru saba. Mzee alifunua kurasa mbele na nyuma. Watu nyuma walishaanza kuguna.

Nikasema, bado nimeshika ufagio, "Mzee, huyo ni Yohana wa Mama Filomena, wa kando ya mto. Aliyepima asubuhi ni Yohana wa juu, mwenye kidole kilichokatika."

Mzee akanitazama juu ya miwani. "Wewe si mgeni hapa? Umekuja lini?"

"Mwezi uliopita, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Weka ufagio chini."

Ndivyo nilivyopata ukarani. Chai ya ghala ikawa mbaya tangu siku hiyo, lakini foleni ikasogea.

Mzee Deograsias alinifundisha kazi kwa vitu vitatu: mizani, penseli na kisu cha kupogolea mibuni. Kisu kilikuwa cha kuchongea penseli. Kalamu ya wino hakuitaka, kwa sababu ukungu wetu ukiingia kwenye karatasi wino unatembea, na asubuhi unakuta jina la mtu limekuwa doa. Penseli haitembei. Ila kifutio alikikataza kabisa. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa, mwembamba, ili anayekuja baadaye aone ulichokosea na ulichorekebisha. Siku moja nilifuta kwa kidole chenye mate. Hakunisemesha hadi jioni.

Lakini kitu alichokijali kuliko vyote kilikuwa fundo. Vijana mnaona ile alama ya "na", hii hapa, &, mnadhani ni pambo tu. Kwetu ilikuwa na desturi yake. Mume na mke wakija kujiunga na chama, Mzee alitaka waje wote wawili, miguu yao wenyewe. Aliandika jina la mume. Aliacha nafasi. Aliandika jina la mke, na ubini wa baba yake, si "mke wa fulani." Kisha wote wawili wakaweka vidole gumba pembezoni mwa mstari, na ndipo yeye, polepole, huku wanamtazama, akachora ile alama katikati.

"Hili ni fundo," alisema kila mara. "Shamba hili lina watu wawili."

Wanaume wengine walinuna. "Karani, mwenye shamba ni mimi."

"Ngolo ulilima na nani?" Mzee angeuliza. Ngolo ni yale mashimo yetu ya mlimani, yanayozuia mvua isichukue udongo. Mwanaume hufyeka nyasi na kuzilaza, mwanamke hufunika kwa udongo. "Nyasi ulilaza wewe. Udongo alifunika nani?"

Hapo mwanaume angetazama mizani.

Namkumbuka Oresta Kinunda alivyokuja na Fransisko Ndunguru. Alikuwa na mimba kubwa, anapumua kama amebeba gunia. Kusoma hajui hata leo. Alipoona fundo linachorwa akainama, akalitazama kwa karibu, akamwambia Mzee alichore tena pembeni ili alikariri. Mzee akachora. Oresta akatoka nje, akalichora kwa dole gumba la mguu kwenye vumbi la uwanja, mara tatu, mpaka likafanana. Fransisko akacheka, "Sasa na wewe ni karani." Oresta akamjibu, "Karani wa jina moja anatosha."

Mzee Deograsias alipochoka aliniachia kisu kile na miaka mingi ya daftari. Nikaendelea hivyo hivyo. Penseli, mstari mmoja juu ya kosa, fundo mwisho.

Sasa nakuja kwenye kompyuta, maana najua umeruka kurasa kutafuta hapa.

Viongozi wa chama waliamua majina yote yaingie kwenye mtandao, na kila mwanachama apate kadi iliyochapwa. Aliyepewa kazi alikuwa Salumu Hashimu, mwenye duka la steshenari pale Mbinga mjini. Babu yake alikuja kutoka Kilwa na mzigo wa vitambaa, akakaa. Salumu ni mtu mzima, ana watoto watatu, Rukia, Hashimu na yule mdogo Mwanaidi, na kompyuta alijifundisha mwenyewe nyuma ya duka. Ni fundi mzuri. Nasema hivi mapema kwa sababu ya yanayofuata.

Alinipa simu kubwa yenye visanduku: jina, kijiji, namba ya simu, idadi ya mibuni. Akanieleza kwa subira.

"Bibi Skola, ukibonyeza Tuma, ukurasa huu unakusanya ulichoandika kwenye visanduku vyote, unakipanga kwenye mstari mmoja mrefu, unaupeleka kwenye seva, kompyuta inayohifadhi majina. Kule kuna skripti. Ni kama karani. Anaupokea mstari, anaufungua, anaandika kwenye daftari lake."

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo karani."

"Hana jina, Bibi. Ni maandishi tu."

"Basi ndiyo maana simwamini."

Akacheka sana. Na mimi nikacheka. Ningejua, nisingecheka.

Niliingiza majina masika yote. Daftari la penseli kushoto, simu kulia. Ile alama ilinisumbua kuipata, imefichwa ukurasa wa pili wa vitufe, mpaka Salumu akanionyesha. Nilipoiona nilifurahi, nikasema Mzee Deograsias angeipenda hii, haihitaji hata kuchongwa. Nikawa naandika jina la mume, alama, jina la mke. Juu ya kioo lilionekana vizuri kabisa. Nabonyeza Tuma. Simu inajibu: Imepokelewa. Nikaamini neno hilo. Na wewe, Tumaini, usiliamini. "Imepokelewa" maana yake kuna kitu kimefika. Haisemi ni kitu gani.

Dalili ya kwanza niliiona mapema, nikaiachia. Salumu alinichapia ukurasa mmoja wa majaribio, na namba za simu zote nilizoanza na alama ya kujumlisha, ile +255, zilitoka bila ile alama, mbele yake kuna nafasi tupu.

Nikamwambia, "Salumu, msalaba wa mbele umekwenda wapi?"

"Ni nafasi tu, Bibi. Simu zitapigika."

Nikanyamaza. Mzee Deograsias asingenyamaza. Angeuliza: kama karani wako ameangusha kitu kidogo hiki ninachokiona, ameangusha kipi ambacho sikioni?

Kadi zilichapwa, zikagawiwa wakati wa kiangazi siku ambayo mimi nilikuwa Lipingo kumzika dada yangu Yustina. Watu wakaziweka kwenye masanduku pamoja na vyeti vya ubatizo. Nani anasoma kadi ya chama? Ya kwangu Alfonsi hakuiona, alikuwa ameshatangulia. Niliitia kwenye kabati bila kuitazama. Mimi, karani.

Kisha Fransisko akaugua, akafa.

Baada ya siku za msiba, mdogo wake, Kosmas Ndunguru, akasema shamba la kahawa na ngolo zote ni mali ya ukoo, kwa hiyo ni lake kulisimamia, na Oresta arudi kwao Kigonsera. Hakusema kwa matusi. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Mkutano wa kijiji uliwekwa Jumamosi.

Jumatano Oresta alikuja ghalani. Hakukaa. Alitoa kadi kwenye upindo wa kanga, akaiweka juu ya mizani kama anataka ipimwe.

"Dada Skola, fundo letu liko wapi?"

Nikavaa miwani. Kadi ilisema: Fransisko Ndunguru. Baada ya hapo, kijiji. Baada ya hapo, mibuni. Basi.

"Labda wamekosea ya kwako," nikamwambia.

"Kosmas anasema mimi sikuwahi kuandikwa. Mimi nilisimama hapa. Hapa." Akaonyesha sakafu kwa kidole. "Mzee Mbele alichora mbele ya macho yangu. Au nilizeeka nikaota?"

Nikaenda nyumbani mbio, mbio zangu hizi, nikafungua kabati. Alfonsi Ndunguru. Hakuna Skolastika. Nikapita kwa Mama Imani, nikapita kwa Bibi Notburga, nikapita nyumba zote za bonde letu hadi magoti yakakataa. Kila kadi ya mume na mke ilikuwa na mume. Wanawake wote wa daftari langu walikuwa wamebaki njiani, na aliyewaingiza safarini ni mimi.

Jioni ile Kosmas alinikuta njiani akasimama, kwa heshima, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mama Karani."

"Marahaba, Kosmas."

"Mimi sina ugomvi na wewe. Ila usilete daftari lako mkutanoni. Ni la penseli. Penseli inaweza kuandikwa hata jana. Mashine haina shemeji wala rafiki. Imesema jina moja."

Miaka yote hiyo bila kifutio, na mtu ananiambia penseli inaweza kuandikwa jana.

Alhamisi asubuhi nilipanda bodaboda ya Athumani Mkali, ambaye jina lake si la bure, tukashuka Mbinga. Salumu alikuwa anatoa fotokopi.

"Shikamoo Bibi Skola! Karibu, vipi milimani?"

"Marahaba. Karani wako asiye na jina ameua wanawake."

Nikamwonyesha kadi. Akazitazama, akakunja uso. "Mfumo uko sawa, Bibi. Nimeujaribu mwenyewe. Labda... labda hukuandika majina ya pili? Kazi ilikuwa nyingi."

Niseme kweli, hilo liliniuma kuliko maneno ya Kosmas. Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Nikasema, "Leta simu. Naandika unaniona."

Nikaandika: Fransisko & Oresta. Nikabonyeza Tuma. Imepokelewa. Salumu akafungua kompyuta yake upande wa seva, akatafuta. Fransisko.

Akaniambia niandike tena, safari hii kwa neno "na" badala ya alama. Nikaandika. Likafika zima, wote wawili. Salumu akaacha fotokopi inalia peke yake. Mteja aliyekuwa anasubiri akasema, "Fundi, vyeti vyangu," Salumu hakumsikia.

Alifungua yale maandishi yake aliyoyatunga, akayasoma mdomo unachezacheza kama mtu anayesali. Kisha akajipiga paji la uso.

"Bibi, kosa ni langu. La kwangu mimi."

Alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akageuza nyuma, akaniandikia mstari unavyosafiri. Naunakili hapa kwa sababu ninao bado, nimeubandika ndani ya mlango wa kabati la ofisi:

jina=Fransisko & Oresta&kijiji=Mlimani&mibuni=400

"Seva inapopokea," akasema, "inajuaje kisanduku cha jina kimeisha na cha kijiji kimeanza? Inaangalia alama hii hii. Ikiiona, inahesabu kisanduku kimefungwa. Sasa imefika kwa Fransisko, imeona alama, imesema basi, jina limekwisha. Ikamkuta Oresta anaelea peke yake. Si jina, si kijiji. Ikamwacha."

"Na wewe hukujua?"

"Nilijua, Bibi! Ndiyo aibu. Kuna utaratibu wake. Kila unachoweka kwenye mstari unakifungasha kwanza. Sisi tunaita kuenkodi, vitabuni wanasema kusimba. Alama yako inageuzwa kuwa hivi." Akaandika %26. "Inasafiri imefungwa, haichanganyiki na zile za njiani. Ikifika, skripti inaifungua, inarudi kuwa alama. Hata ile ya kujumlisha kwenye simu, isipofungashwa, seva inaifanya nafasi tupu. Uliniambia. Nikakujibu ni nafasi tu."

"Kwa nini hukufungasha?"

Akakuna kichwa. "Niliunganisha mstari kwa mkono, vipande kwa vipande. Nilipojaribu niliandika Juma. Nikaandika Asha. Vikafika."

Juma na Asha! Nikamwambia, Salumu, mtu mwenye jina la neno moja tu, asiye na mke wala namba ya simu, huyo hajajiunga na chama chochote duniani. Tumaini, shika hili kuliko yote: ukijaribu chombo, kijaribu kwa majina ya watu wetu kama yalivyo, na alama zake, na marefu yake. Usijaribu kwa jina linalokurahisishia.

Kisha nikauliza kilichonipeleka. "Wale niliowatuma mwanzo, wamepotea kabisa?"

"Kwenye daftari la chama, ndiyo. Lakini..." Akavuta kiti. "Seva ina daftari jingine, la mlangoni. Inaandika kila mstari uliogonga, kama ulivyokuja, kabla haujafunguliwa, na siku yake na saa yake. Huwa hakuna anayelisoma."

Akalitafuta. Mistari ikateremka kwenye kioo kama mvua, siwezi kusema nilielewa hata mmoja. Akaandika Oresta, akabonyeza. Mstari mmoja ukasimama.

Alikuwepo. Fransisko Ndunguru, alama, Oresta Kinunda. Mstari wa masika, Fransisko akiwa bado anabeba magunia mwenyewe. Jina la Oresta lilifika hadi mlangoni, likakosa wa kulipokea.

"Hivi vijicho viwili na fimbo ni nini?" nikauliza, kwa sababu kati ya maneno palikuwa na %20, %20.

"Hizo ni nafasi, Bibi. Simu yenyewe ilizifungasha. Alama ya 'na' iliiacha, ikidhani nimeiweka mimi kwa kazi."

Nikaomba maji. Salumu akamtuma mteja wa vyeti akanunue maji, na yule mteja, Bwana Gaudensi Mapunda wa idara ya barabara, akaenda bila kulalamika.

Salumu alirekebisha Ijumaa, akachapa mistari ya mlangoni yote, bunda zima, akachapa na kadi mpya ya Oresta, akaja nayo mwenyewe Jumamosi. Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa ghala. Nilimpa Oresta kadi mbele ya watu, nikiwa nimejaa furaha. Akaitazama. Akaigeuza. Akanirudishia.

"Hili siyo fundo, dada."

Kadi ilisema: Fransisko Ndunguru %26 Oresta Kinunda.

Kosmas alichungulia juu ya bega langu. "Asilimia ishirini na sita? Basi hata hiyo mashine imempimia." Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka kama si mimi niliyempa kadi.

Salumu akawa mwekundu masikioni. Baadaye alinieleza: kwa haraka ile alama aliifungasha mara mbili, kwenye ukurasa na tena kwenye maandishi mengine yanayotuma, na kule mwisho ikafunguliwa mara moja tu. Kufungasha ni mara moja unapotoka, kufungua mara moja unapofika. Zaidi ya hapo unamvisha mtu koti juu ya koti, mwishowe humjui ni nani. Lakini pale uwanjani hakuweza hata kusema. Mwenyekiti wa kijiji akasafisha koo, naye Kosmas akatoa kadi yake mwenyewe mfukoni, akainyanyua.

"Ndugu zangu, tusipotezewe muda. Kadi zilichapwa zote siku moja, na mashine moja. Hii ni yangu. Kama yangu ni sahihi, ya marehemu kaka yangu ni sahihi."

Nikasimama. "Kosmas, isome."

"Kosmas Ndunguru," akasoma kwa sauti. "Mibuni mia tatu na kumi."

"Endelea."

"Imeishia hapo."

"Siku mliyojiunga ilikuwa inanyesha," nikasema. "Wewe ulivaa koti la Fransisko. Imelda alikuja na kiatu kimoja, kingine kilibaki kwenye tope la daraja, naye alisimama kwa mguu mmoja mpaka Mzee Mbele alipomaliza kuchora. Imelda Hyera. Aliweka kidole gumba, nawe ukamwambia afute kwanza mkono. Kadi yako inasemaje juu yake?"

Imelda, mke wa Kosmas, alikuwa amekaa chini na wanawake wengine. Akainuka taratibu, akajikung'uta, akaenda akachukua kadi mkononi mwa mume wake. Yeye anasoma, alifika darasa la saba.

"Mimi simo," akasema.

"Imelda, kaa," Kosmas akamwambia kwa sauti ya chini.

"Nikae wapi? Leo wewe uko hai. Siku ukifa, mimi na Oresta tutapanda gari moja?"

Hapo wanawake wakaanza kufungua pindo za kanga. Mmoja, wa pili, wote. Waliojua kusoma walisoma. Wasiojua walitafuta fundo kwa kidole. "Halipo." "Na mimi halipo." "Baba Imani, hebu njoo hapa." Sijawahi kuona wanaume wa kijiji hiki wakisoma kwa bidii vile.

Mwenyekiti akaomba daftari langu la penseli na bunda la Salumu. Akawaita watu wawili wanaosoma, mmoja wa upande wa Kosmas, wakae mezani walinganishe. Mstari kwa mstari. Penseli ikisema, mlango wa seva ukajibu, na tarehe zake za masika. Palipokuwa na kosa langu lililopigwa mstari mmoja mwembamba, kwenye bunda hapakuwa na kosa, palikuwa na jina lililorekebishwa. Walipofika jina la Oresta, yule wa upande wa Kosmas ndiye aliyelisoma, na alilisoma lote.

Kosmas aliweka kofia kichwani, akaitoa tena. "Sikujua, shemeji," akamwambia Oresta.

Oresta akasema, "Ungeniuliza mimi."

Shamba likabaki kwake. Mwenyekiti aliandika hivyo, na sikumwambia aandike kwa penseli, ingawa nilitamani.

Jumatatu Salumu alirudi, kadi zote upya kwenye boksi la karatasi. Oresta alikuwa wa kwanza. Alishika kadi kwa mikono miwili, akapitisha kidole polepole kutoka kushoto, akafika katikati, akasimama. Kidole kilikaa pale. Sikumharakisha, ingawa nyuma yake foleni ilifika barabarani.

Miaka imepita, nimeshuka kwenye kiti. Sasa hivi nakaa kibarazani na blanketi la Alfonsi, nasikia mashine za kukoboa kule bondeni, na ukungu ukiingia nautambua kama jamaa. Namkumbuka Mzee Deograsias na uzi wake mweusi. Kisu cha penseli kiko kwenye droo ya kulia, Tumaini, usikitumie kwa maembe.

Salumu bado anabadilisha mambo kwenye mfumo, na vizuri, ila tulikubaliana jambo moja ambalo halijaandikwa popote mpaka leo ninapoliandika. Kila akigusa chochote, kabla hujaingiza mwanachama hata mmoja, unatuma kwanza jina la Fransisko na Oresta, na alama katikati, na namba ya simu na msalaba wake mbele. Unachapa kadi. Kisha unamwita Oresta mwenyewe kutoka shambani. Atachelewa, maana atanawa mikono kwanza. Mpe kiti, mpe kadi, usimwambie cha kutafuta. Akisema, "Lipo," endelea.